Mbwa Aitwaye Sikuomba

Kalemie, 9 mwezi wa sita 1985

Siméon,

Salamu utazipata siku nitakapokuwa nazo. Leo sina.

Jana saa nne asubuhi Papa Michel, yule wa treni, alisimama mulangoni pangu na kikapu. Nikasema moyoni, mujukuu wangu wa Kongolo amenikumbuka, ametuma unga. Nikaingiza mukono. Unga ukaniuma kidole.

Mimi njo nilikulea tangu mama yako alipokufa. Unajua nyumba hii. Kwa barua ya Pasaka niliomba nini? Niliomba kitenge kimoja cha kuendea Misa, na uje nikuone, kwa sababu ni miaka mitatu sasa. Kitenge hakuna. Wewe hakuna. Kuna mbwa wa wiki nane, masikio yameanguka kama majani ya muhogo wakati wa jua, amekojoa juu ya mukeka wangu na sandali ya kushoto ameila yote. Papa Michel anasema, "Mama Victorine, ni zawadi." Nikamujibu, "Papa Michel, zawadi haina meno."

Karatasi uliyofunga shingoni mwake inasema anaitwa Médor. Hilo ni jina la mbwa wa mukoloni. Unajua desturi yetu: muntu akiwa na neno na ndugu yake, na ndugu huyo hasikii, anampa mbwa neno lile kuwa jina, kisha anamuita mbwa asubuhi na jioni mpaka jirani wote wajue. Basi nimemupa jina: Sikuomba. Kila nikimuita, jirani wote wa avenue yetu wanasikia kwamba mimi sikuomba mbwa. Viviane wa hapa jirani alicheka mpaka akashika ukuta.

Sasa nijibu: unataka nini? Muntu hatumi mbwa kwa treni siku mbili bila kutaka kitu.

Bibi yako,
Victorine

Amelala juu ya muguu wangu ninapoandika. Nimemufukuza mara tatu.


Kongolo, 24 Juni 1985

Nkambo, bibi yangu mpendwa,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kwa maana sikuthubutu kukaa. Nisamehe kwa sandali. Kitenge nitaleta mwenyewe.

Nkambo, sitaki kitu chochote. Nilifikiri uko peke yako nyumbani tangu Babu Léon alipofariki, nikasema mbwa atakuchangamsha. Mama yake ni mbwa wa mapadri wa hapa. Si mbwa wa kubweka mlangoni. Ni mbwa wa bunduki: mwindaji anapiga, ndege anaanguka majini au ndani ya matete, mbwa anakwenda kumchukua na kumleta mzima, bila kumtafuna.

Na kwa kuwa una nafasi, ungeweza kumwanzisha kidogo, kwa kujifurahisha tu. Mapadri wameniazima kitabu chao cha Kifaransa, nitakutafsiria. Somo la kwanza: kaa, ngoja, usiondoke mpaka uitwe. Mfundishe kabla ya chakula, dakika tano, basi. Usimpige kamwe. Somo la pili: jaza vitambaa ndani ya soksi, simama katika kijia kati ya nyumba na jiko, mahali ambapo hana njia nyingine ila kurudi kwako. Tupa soksi karibu. Akiileta, usimnyang'anye, msifu kwanza, kisha ipokee taratibu. Usimkimbize, wala usivutane naye, atajifunza kung'ang'ania.

Najua hutashindwa, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiwalisha mbwa wa Babu.

Mjukuu wako,
Siméon


Kalemie, 20 mwezi wa saba 1985

Siméon,

KUWALISHA.

Nimelisoma neno hilo kwa Viviane, nimelisoma kwa Papa Michel, nimelisoma peke yangu, na kila mara damu inapanda. Babu yako Léon alikuwa na mbwa sita katika maisha yake na watu wa ziwa hili, kutoka hapa mpaka Mpala, walisema: mbwa wa Léon, ah, mbwa wa Léon! Babu yako, Mungu amupumzishe, alikuwa muntu muzuri na shabaha yake ilikuwa ya kweli, lakini alikuwa anaamuka saa moja na mbwa alikuwa anaamuka saa kumi na moja. Nani alikuwa naye hizo saa mbili? Nani alimufundisha mbwa Tumbako kukaa mpaka aambiwe? Babu yako alikuwa anakuta mbwa tayari, kama anavyokuta chai. Na mimi nilinyamaza, kwa sababu wanaume wanasema mwanamuke akigusa mambo ya uwindaji bunduki inakosa. Miaka thelathini nilinyamaza. Leo wewe, mutoto wa mugongo wangu, unaniambia nilikuwa NALISHA.

Kitabu chako nimekisikia. Mwandishi wake si mujinga, ila anaongea sana. Kukaa na kungoja, Sikuomba alijua siku ya nne. Nilimuwekea samaki wadogo wa ndagala mbele ya pua, nikasema "ngoja", nikaenda kumwaga maji ya vyombo, nikarudi. Mate yalikuwa yanaanguka kama mvua, lakini hakugusa. Soksi analeta. Nilifungia manyoya ya kanga juu yake ili azoee ladha ya ndege, jambo ambalo hukuniambia. Labda mukurasa huo bado hujaufikia.

Na hapo njo shida ilianza. Juzi nimekaa napepeta muchele, mbwa anaingia na bata mudomoni. Bata muzima, macho wazi, hana hata unyoya uliovunjika. Anakaa mbele yangu, ananipa mukononi. Ni bata wa Viviane. Nikamurudisha. Kabla sijakaa, mbwa ameleta wa pili. Nikasikia Viviane nyuma ya ukuta, "Mama Victorine! Tangu lini unaiba bata kwa mikono ya mbwa?" Nikamujibu, "Hesabu bata zako, kisha utazame kama kuna hata mumoja aliyeumia!" Alihesabu. Kisha akasema, "Sasa huyu ni mbwa au ni mukunga?"

Nilimusifu, Siméon. Kitabu chako kinasema anayeleta asifiwe. Lakini bata wa Viviane nimemukataza, na sasa anapita kati yao kama padri sokoni.

Nauliza mara ya pili. Wewe huna bunduki. Mimi ninayo ya babu yako, imefungwa kitambaa chini ya kitanda, haina risasi. Mbwa wa bunduki ni wa bunduki ya nani?

Victorine


Kongolo, 2 Septemba 1985

Nkambo,

Nisamehe kwa lile neno. Nimelifuta katika kichwa changu.

Habari za bata zimenifurahisha kupita kiasi! Mdomo laini namna hiyo, kitabu kinasema, ni zawadi ya kuzaliwa, haifundishwi. Sasa kuna mambo mawili makubwa. La kwanza ni mlio. Mbwa akiogopa bunduki mara ya kwanza, amekwisha kuharibika, hatapona. Kwa hiyo anza mbali: wakati anakula, mtu agonge vifuniko vya sufuria, kisha kila siku asogee karibu kidogo. La pili ni maji: muingize pole pole mahali palipo na matete na maji yaliyotulia, kama kwenye mto Lukuga.

Ukiweza kumaliza hayo kabla ya mwezi wa kwanza itakuwa vizuri sana.

Swali lako nitalijibu tukionana.

Siméon


Kalemie, 17 mwezi wa kumi na moja 1985

Siméon,

Penye matete ya Lukuga, mwandishi wa kitabu chako aende kuogelea yeye mwenyewe. Mamba watamutafsiria. Wewe ulizaliwa hapa, ulimuona mama wa watu akichukuliwa pale akifua, kisha unaniandikia "maji yaliyotulia". Kongolo imekula akili yako.

Nilimupeleka ziwani, pale wanawake wanaosha sufuria, penye mchanga na kelele. Siku ya kwanza alilowesha vidole akarudi. Niliingia mwenyewe mpaka magotini na kitenge changu cha zamani, kwa kuwa kipya sina. Akanifuata. Wale wavuvi Wabembe waliacha kukunja nyavu wakatazama. Mumoja akapiga kelele, "Bibi, unabatiza mbwa?" Nikamuambia, "Akitoka huyu, leta na kichwa chako." Sasa anaogelea mukia juu, anachukua soksi mbali kuliko ninavyoweza kutupa.

Vifuniko vya sufuria, Viviane aligonga wiki mbili, kwanza kwake, kisha mulangoni, kisha juu ya kichwa cha mbwa. Mbwa alikula. Mimi njo niliumwa kichwa. Kisha nikafanya kitu ambacho hakiko katika kitabu chako: nilimupeleka gare, pale mabehewa yanapogongana. Mabehewa thelathini, moja linasukuma lingine, mulio unapita kifuani. Nikasema "kaa, ngoja". Alikaa. Masikio yalitetemeka tu. Muntu wa gare aliyekuwa na bendera aliruka, mbwa hakuruka.

Naita kwa filimbi ya pembe ya swala ya babu yako. Mara moja, anasimama. Mara mbili, anarudi. Hajasikia bunduki ya kweli bado, hilo njo limebaki.

Unasema "kabla ya mwezi wa kwanza". Kwa nini? Mbwa hasomi kalenda. Siméon, nauliza mara ya tatu, na ya nne sitauliza. Nitakuja huko.

Victorine

Usifikiri nimemupenda. Analala ndani kwa sababu ya mvua.


Kongolo, 14 Januari 1986

Kwa Mzee Mwindaji, Kalemie
Kwa mkono wa familia ya Siméon

Mzee,

Mfanyakazi wangu Siméon ameniarifu kwamba mbwa wangu ameshika mafunzo vizuri mikononi mwako, na kwamba wewe ni mwindaji wa zamani, mwanaume mwenye uzoefu wa miaka thelathini. Nimefurahi. Mbwa wa aina hii haharibiwi na watoto na wanawake wa nyumbani.

Nitafika Kalemie kwa kazi za reli mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Tutakwenda pamoja kumjaribu kwa bunduki. Nikiridhika, nitarudi naye Kongolo.

Pokea salamu zangu,
Shefu Florent


Kalemie, 26 mwezi wa kwanza 1986

Siméon,

Papa Michel alinipa barua ya muntu nisiyemujua. Juu imeandikwa "Kwa Muzee Mwindaji". Nikamuambia Papa Michel, "Hapa hakuna muzee mwanaume, wa hapa yuko makaburini." Akasema, "Mama, adresi ni yako." Nikafungua. Nikasoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza macho yalikataa.

"Mbwa wangu", anaandika. WANGU! Alimupa ndagala siku gani? Alisimama naye ndani ya maji siku gani? Sikuomba ni mbwa wake tangu ndani ya kikapu, sivyo? Ulimuahidi kabla hujamufunga karatasi shingoni. Na mimi uliniambia "atakuchangamsha".

Lakini sikiliza vizuri, si hilo njo limenichoma zaidi. Zaidi ni huyo muzee. Ulimutoa wapi huyo mwanaume? Ulimutengeneza. Ulichukua magoti yangu, filimbi yangu, ndagala zangu, miaka yangu thelathini, ukamuvalisha suruali. Babu yako aliwaacha watu waseme "mbwa wa Léon" kwa sababu alikuwa hai na alikuwa na haya kusahihisha. Wewe ulifungua mudomo wako mwenyewe, ukasema. Ulikaa chini, ukafikiri, ukasema.

Na huyo Florent anasema "wanawake wa nyumbani". Barua yake nimeipigilia musumari mulangoni, kila anayepita aisome.

Nijibu haraka na usiandike Kiswahili cha mapadri. Andika kama muntu.

Victorine


Kongolo, 5 Februari 1986

Nkambo,

Naandika kama mtu.

Shefu Florent ndiye anayetia sahihi barua za kuhamishwa. Nimeomba kurudi gare ya Kalemie mara nne. Mara nne barua yangu imelala mezani kwake. Siku moja aliona watoto wa mbwa wa mapadri akasema mbele ya ofisi nzima, "Atakayenipatia mmoja wa hawa, ameanzishwa vizuri, sitamsahau." Nilijua mtu mmoja tu duniani anayeweza kazi hiyo. Ungekubali kama ningekuambia? Ungesema, mwanaume harudi nyumbani kwa mgongo wa mbwa.

Shefu akaniuliza nani atamfundisha. Nikafungua mdomo niseme "bibi yangu". Nilimwona anacheka kabla sijasema. Hapa wanaamini mbwa aliyefundishwa na mwanamke anakimbilia jikoni na kuacha ndege majini. Nikasema "mzee mmoja wa kwetu". Baadaye mzee huyo akaongezeka miaka, akaongezeka sifa. Kila sifa ilikuwa yako, Nkambo. Jina tu ndilo nililiacha.

Nataka kurudi nyumbani. Hapa naishi chumba kimoja na mtu anayeimba kwa usingizi. Ninajua unazeeka, hata kama umekataza neno hilo.

Nakuomba kitu kimoja. Siku ya kujaribu, Papa Jean wa bandarini avae koti la Babu Léon na asimame mbele. Wewe ukae nyuma ya matete na filimbi. Mbwa atakusikia wewe, Shefu atamwona Jean. Baada ya hapo ni jambo la dakika tano, na mimi niko nyumbani.

Siméon


Kalemie, 13 mwezi wa pili 1986

Siméon,

Hapana.

Victorine


Kongolo, 10 Machi 1986

Nkambo,

Shefu amerudi Kongolo bila mbwa. Saa tisa ameniita, akanipa bahasha. Ni barua ya kuhamishwa, ina sahihi, ina muhuri. Nilimwuliza, "Na mbwa, Shefu?" Akasema, "Hilo si jambo lako tena." Nini kimetokea? Umemfanya nini? Nafika Kalemie jumapili, tarehe kumi na sita. Nimenunua kitenge.

Siméon


Kalemie, 15 mwezi wa tatu 1986
(barua hii iko chini ya mukebe wa chumvi, juu ya meza)

Siméon,

Karibu nyumbani. Wali uko ndani ya sufuria, samaki amefunikwa. Ufunguo Viviane amekupa, njo maana unasoma.

Sasa nitakuambia, kwa sababu Jean atakuambia vibaya.

Kwanza, uliandika kwa Jean nyuma ya mugongo wangu. Alikuja siku ile amevaa kofia ya jua na anatafuta koti la Léon. Nikasema, koti hilo halitoki. Akaja bila koti. Tulikwenda kidimbwi cha nyuma ya reli, kile mvua inachojaza na mamba hawafiki. Shefu Florent na bunduki yake na viatu vya ngozi. Jean akasimama mbele, kifua nje. "Muzee," Shefu anasema, "nimefurahi kukujua." Jean anasema, "Eeh, sisi wawindaji." Nilimuacha aseme, nione atafika wapi. Mbwa alikuwa amekaa karibu na muguu wangu.

Bata wa mwitu wakapanda. Shefu akapiga. Siméon, nilifunga macho. Miezi minane ya kazi ilikuwa ndani ya mulio ule mumoja. Nilipofungua, kuna muntu anakimbia kando ya reli, kofia imeanguka. Ni Jean. Mbwa alikuwa amekaa palepale nilipomuacha, ananitazama usoni, anangoja.

Shefu akasema, "Sasa, mwindaji amekimbia?" Nikasema, "Mwindaji hajakimbia." Nikamuambia mbwa, "Leta." Aliingia majini hata bila kelele. Alirudi na bata, shingo inaning'inia vizuri, akapita mbele ya viatu vya ngozi kama anapita mbele ya gogo, akaniwekea mukononi.

Shefu akaanza kuita, "Médor! Médor!" Mbwa akatazama treni. Nikamuambia, hilo si jina lake. "Jina lake nani?" Nikamuambia. Na maana yake nikamuambia, na sababu. Kisha mukubwa mzima wa reli, na wafanyakazi wawili nyuma yake, akafungua mudomo akaita, "Sikuomba! Sikuomba!" Nilimuacha aite mpaka mara ya tano. Nilihesabu.

"Nani alimufundisha?" Nikasema, "Mimi. Na wale wa Léon, mimi. Mwanaume uliyeambiwa habari zake umemuona mugongo." Alinitazama sana. Nilifikiri atakasirika, nikajiweka tayari, maana mimi nilikuwa nimekasirika tangu mwezi wa kwanza na nilikuwa na nguvu. Alisema tu, "Hatanitii." Nikasema, "Hatakutii kwa barua. Kazi hii haitumwi kwa treni ndani ya kikapu." Akauliza, "Basi inachukua muda gani?" Nikamuambia, "Miezi mitatu, kama unasikia haraka. Sisemi mbwa. Mbwa amekwisha kujua. Nasema wewe."

Njo hivyo. Mimi na Sikuomba tumepanda treni ya leo kwenda Kongolo. Nitakaa kwa Masista. Kila asubuhi saa kumi na moja Shefu Florent atakuwa nje na viatu vya mpira, na mbele ya wafanyakazi wote wa biro yake atasema nani anamufundisha. Hilo njo sharti nililoweka. Barua yako ya kuhamishwa sikuiomba, wala sikuiuza. Aliitia sahihi mwenyewe aliporudi Kongolo, kwa kuwa nilimuambia kwamba muntu anayeweka barua nne mezani bila kujibu hawezi kufundishwa hata kumuita mbwa.

Labda tulipishana njiani, gare ya Kabalo. Kama uliona sikio refu dirishani, ni yeye.

Bado nimekasirika. Usije kunifuata, usiniandikie maneno matamu, kitenge kiweke ndani ya sanduku nitakiona mwenyewe. Bata wa Viviane usiwaguse. Barua zako zenye masomo ya kitabu cha mapadri nimezisahau jikoni, unaweza kuzisoma kama hujui la kufanya peke yako ndani ya nyumba hii. Somo la kwanza linakutosha: kaa, ngoja, usiondoke mpaka uitwe.

Mimi,
muzee mwindaji wa Kalemie